Mabuu kwenye Kopo: Historia Fupi ya Chakula cha Kuku, Ndege na Samaki wa Bujumbura

Tuanze jikoni. Mama ana kikombe kimoja cha ndagala. Ana watoto wanne na kuku watano. Kuku wasipopata kitu cha kujenga mwili hawatagi vizuri, na mayai ndiyo yanayonunua sabuni. Je, ndagala hao wale watoto, au wasagwe wachanganywe na pumba za kuku?

Swali hilo lina historia, na sehemu yake kubwa imepitia Bujumbura.

Zamani wavuvi wa Ziwa Tanganyika waliwavua ndagala usiku wa giza kwa mitumbwi, moto wa matete ukiwaka mbele na wavu wa mkono uitwao lusenga ukiwa tayari. Katika miaka ya 1950, mji ukingali unaitwa Usumbura chini ya Wabelgiji, wafanyabiashara wa Kigiriki walileta boti kubwa zenye nyavu za kuzungushia samaki. Karabai nazo zikachukua nafasi ya matete. Ndagala waliokaushwa juani wakawa kitoweo cha mtu wa kawaida toka Uvira hadi Kigoma, na mpaka leo wanapanda milima ndani ya magunia. Lakini mfugaji wa kuku naye aliwaona, na mtengenezaji wa chakula cha mifugo pia. Tangu hapo mtoto na kuku wanagombea samaki yuleyule sokoni. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa ziwa ni jambo jema. Kwa anayenunua ndagala kwa kikombe, ni miezi mirefu.

Bibi zetu walikuwa na jibu lao. Ukivunja kipande cha kichuguu ukakileta uani, vifaranga watakurukia kabla hujakiweka chini. Jambo hili linafanyika Burundi, Kongo, Tanzania na Uganda, na hakuna anayeweza kudai kuwa yeye ndiye aliyelianzisha. Mvua za kwanza zikinyesha hutoka kumbikumbi, ambao Warundi huwaita iswa. Watu walifunika kichuguu kwa mkeka au majani ya migomba, wakaacha tundu moja tu, na chini ya tundu wakaweka chungu. Mjini, mtoto hahitaji kichuguu: anangoja chini ya taa ya barabarani na beseni la maji. Sehemu kubwa waliliwa na watu wenyewe, wakikaangwa bila mafuta kwa kuwa wana mafuta yao. Waliobaki walikuwa wa kuku.

Ila kumbikumbi huja kwa msimu, na vichuguu vilivyo karibu na kambi vikivunjwa na kila nyumba, vinakwisha. Wazee wetu walivuna wadudu. Hawakuona haja ya kuwafuga. Waliowafuga walikuwa watu wa nchi za baridi, na wala haikuwa kwa sababu ya njaa.

Huko Ujerumani watu walipenda kuweka ndege waimbao ndani ya nyumba. Ndege wengi wa aina hiyo hula wadudu hai, na wakati wa baridi kali hakuna mdudu nje. Mwaka 1795 Johann Matthäus Bechstein alitoa kitabu juu ya ndege wa nyumbani, na ndani yake akaeleza namna ya kufuga mabuu ya unga. Huyu ni mtoto wa mbawakawa mweusi ambaye wataalamu humwita Tenebrio molitor, neno la pili likiwa na maana ya msaga nafaka, kwa sababu makao yake ya zamani ni vinu na maghala. Chukua mtungi, alisema Bechstein, tia pumba za ngano na vipande vya ngozi ya viatu vikuukuu, weka mabuu, funika kwa kitambaa cha sufu kilicholoweshwa kwa bia au maji, uwaache watulie miezi mitatu. Bia kwa mabuu, ndugu msikilizaji, ili ndege aimbe sebuleni! Ucheke ukitaka, lakini kwa karne mbili zilizofuata njia hiyo haikubadilika sana. Pumba, unyevu kidogo, utulivu.

Sasa turudi Bujumbura. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, ambaye kabla ya hapo aliwahi kukusanya samaki wa Mto Kongo karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, alianzisha kando ya ziwa biashara ambayo wengi waliishangaa. Wapiga mbizi walishuka kwenye miamba wakakamata samaki wadogo wa rangi, wasiotosha hata mchuzi wa mtu mmoja. Samaki hao waliwekwa hai katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, wakapandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani kuishi katika matangi ya kioo. Tanganyika ni ziwa la ajabu kwa hilo: ana yake ya samaki wa jamii hiyo ya miambani ni mamia, na karibu wote hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Brichard aliandika kitabu juu yao mwaka 1978, na kingine kikubwa zaidi mwaka 1989. Mwaka 1974 mtaalamu wa Kibelgiji, Max Poll, alikuwa amempa samaki mmoja jina lake, brichardi. Wafanyabiashara walimpa samaki huyo jina tamu zaidi: Binti Mfalme wa Burundi. Ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha kufutwa Novemba 1966, lakini biashara haikuona sababu ya kusumbuliwa na jambo hilo. Samaki huyu ana tabia ya pekee, kwamba watoto wakubwa hubaki nyumbani kuwalinda wadogo zao.

Kwa hiyo samaki wa Bujumbura na mabuu ya Bechstein wakakutana katika nyumba za watu wa mbali. Aliyenunua samaki alitaka kumpa chakula hai, na huko kopo la mabuu lilikuwa jambo la kawaida kwa wafugaji wa ndege na mijusi. Hapo somo moja lilijifunzwa kwa hasara. Baadhi ya samaki wa Tanganyika, hasa wale waitwao Tropheus, kazi yao ziwani ni kukwangua ukoga juu ya mawe, na utumbo wao ni mrefu. Wakilishwa minofu na mabuu yenye mafuta mengi, huvimba tumbo na kufa. Lakini samaki wakubwa wanaowinda walifaidika, mradi wapewe kwa kiasi. Mabuu ya unga yakikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni protini, lakini mafuta nayo si haba.

Jambo hilo lingebaki mchezo wa watu wenye nafasi kama si ugonjwa wa ng'ombe kichaa. Ng'ombe wa Ulaya walikuwa wamelishwa unga wa nyama na mifupa, na mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku unga wa wanyama katika chakula cha mifugo. Protini ikatafutwa kwingine, kwenye soya na samaki, mpaka macho yakarudi kwa wadudu. Mwaka 2013 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilitoa kitabu kizima juu ya wadudu kama chakula cha watu na mifugo. Mwaka 2017 Ulaya ikaruhusu wadudu kulishwa samaki wa kufugwa, na mwaka 2021 kuku na nguruwe. Mwaka huohuo wa 2021 mabuu ya unga yaliyokaushwa yakaruhusiwa kuliwa na binadamu. Mtu wa Bukoba anayekula senene tangu utotoni anaweza kuuliza ruhusa hiyo ilikuwa ya nini.

Huku kwetu kazi ya kitaalamu ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1970 Mkenya Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu, alianzisha jijini Nairobi kituo cha utafiti kiitwacho icipe. Wakati huo wengi waliona mdudu ni wa kupuliziwa dawa tu. Kituo hicho sasa kinafundisha wakulima kufuga wadudu kwa ajili ya kuku na samaki, na mdudu anayependwa zaidi ni nzi askari mweusi. Huyu asili yake ni Amerika. Nzi mkubwa haumi, wala hana tabia ya kutua juu ya chakula chako kama nzi wa kawaida. Mabuu yake hula maganda ya ndizi, viazi na mabaki ya jikoni, na yanapokomaa hupanda yenyewe kutoka ndani ya takataka kutafuta pakavu. Ukiweka ubao ulioinama kwenye ndoo na kopo chini yake, yatajidondosha humo.

Kwa maisha ya kambini, maoni yangu ni haya. Mabuu ya unga ni mazuri, lakini usisahau kwamba ni wadudu wa ghala. Yakitoroka yakaingia kwenye unga wa mgao, wako au wa jirani, umeleta hasara na ugomvi. Anayetaka kuyafuga ayaweke kwenye kopo lenye kuta laini ambazo hayawezi kupanda, lifunikwe kwa kitambaa chepesi, mbali kabisa na chakula. Pumba kavu za kimo cha vidole vitatu zinatosha, na kipande cha karoti au kiazi badala ya maji, kiondolewe kabla hakijaota ukungu. Mbawakawa wakishataga kwa wiki mbili tatu, wahamishe, maana hula mayai yao wenyewe. Kwenye joto la Bujumbura au Uvira, toka yai hadi mbawakawa ni miezi kadhaa; kwenye baridi ya milimani, zaidi. Nyumba yenye mtu anayedhurika na uduvi iache kabisa, kwa sababu mwili huo unaweza kudhurika na mabuu pia.

Nzi askari mweusi anafaa zaidi. Hali unga wako, na ana haraka: kukiwa na joto, mabuu hukomaa kwa wiki mbili au tatu hivi. Mpe maganda ya jikoni, kamwe si uchafu wa chooni. Changanya mabuu kidogo kidogo na chakula cha kawaida cha kuku, usiwape hayo peke yake. Na kabla ya kuweka ndoo nyuma ya nyumba, mwone kiongozi wa mtaa wako na jirani mnayepakana naye, kwa sababu harufu ya siku za kwanza haifichiki.