Hesabu ya vitanzi: Namba za kielelezo zisikupoteze

MFUMAJI anayekosea hesabu ya vitanzi katika safu ya kwanza hulibeba kosa hilo hadi begani. Aghalabu haligundui mpaka sehemu zote zimeshaunganishwa, na sweta aidha inambana mtoto kifuani au inamning'inia kama gunia.

Mjini Eldoret, hasara ya namna hiyo si jambo dogo. Mji huu uliotawazwa kuwa jiji Agosti 2024 umo katika mwinuko wa takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi huifanya sweta kuwa vazi la lazima kwa wanafunzi. Uzi nao una historia ndefu hapa. Kiwanda cha sufu cha Raymond kiliwahi kuendesha shughuli zake mjini humu kabla ya kufungwa. Ken-Knit imejulikana kwa nyuzi na blanketi. Nacho kiwanda cha vitambaa cha Rivatex kilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kikafanyiwa ukarabati na kuzinduliwa upya 2019.

Mbali na viwanda hivyo, wapo wafumaji wadogo wanaotegemea maagizo ya sweta za shule muhula wa kwanza unapokaribia. Kwa mfumaji kama huyo, sweta moja inayorudishwa ni uzi uliokwisha kununuliwa na siku kadhaa za kazi zisizolipwa.

Jibu la mkono wa mwingine

Kielelezo cha ufumaji ni maelezo ya hatua kwa hatua yanayomwambia mfumaji aanzishe vitanzi vingapi, afume safu ngapi, na apunguze au aongeze wapi. Wengi huzichukua namba hizo kama amri. Ukweli ni kwamba kila namba ni jibu la hesabu iliyofanywa kwa uzi, sindano na mkono wa aliyekitunga. Kuna wafumaji wanaokaza uzi na wanaoulegeza. Hata kwa sindano na uzi wa aina moja, vitambaa vyao havitalingana upana.

Ndiyo maana kielelezo kizuri hutaja kipimo mwanzoni, kwa mfano vitanzi 22 na safu 30 kwa kila sentimita 10 za mraba, kwa sindano za milimita 4. Huo ndio mstari muhimu kuliko yote, na ndio unaorukwa zaidi.

Kukipata kipimo chako, anzisha vitanzi 32 na ufume safu 40. Kifue kipande hicho, kikauke kikiwa kimelazwa, kisha uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati, mbali na kingo. Usikipuuze kitanzi nusu. Wanaotumia mashine wakiache kipande kipumzike kabla ya kukipima, kwa kuwa uzani unaoning'inizwa kwenye mashine hukivuta.

Kutoka kifuani hadi vitanzi

Tuchukue mwanafunzi mwenye kifua cha sentimita 80. Sweta inahitaji nafasi juu ya shati, tuseme sentimita 8, hivyo mzunguko wake utakuwa 88. Sehemu ya mbele ni nusu, yaani sentimita 44. Vitanzi 22 kwa sentimita 10 ni sawa na 2.2 kwa sentimita moja. Zidisha 44 kwa 2.2, upate 96.8. Ongeza viwili vitakavyomezwa na mishono ya ubavuni, upate 98.8.

Kitanzi hakigawanyiki, basi jibu hili halina budi kukadiriwa. Ukadiriaji huongozwa na ukingo wa chini. Ukingo wenye mifereji ya vitanzi viwili kwa viwili huhitaji idadi inayogawanyika kwa nne, na viwili vya ziada ili pande zote mbili zilingane zinapounganishwa. Nne mara 24 ni 96. Ongeza viwili, upate 98. Hiyo ndiyo idadi ya kuanzia. Kanuni hii hutumika pia kwa pambo lolote linalojirudia.

Sasa tazama athari ya mkono. Ukiondoa viwili vya mishono, vitanzi 96 vinabaki. Kwa kipimo cha 22, mzunguko wa sweta ni takriban sentimita 87. Mfumaji mlegevu anayepata 20 atatoa sweta ya sentimita 96. Mkazaji anayepata 24 atatoa ya sentimita 80, isiyo na nafasi hata ya shati. Tofauti ya vitanzi viwili tu imegeuza saizi nzima.

Dawa ni kubadilisha sindano: nene zaidi kwa anayekaza, nyembamba zaidi kwa anayelegeza. Kipimo kikikataa kulingana, rudia hesabu kwa namba yako mwenyewe.

Anayetumia kijitabu cha zamani ajihadhari na namba za sindano. Sindano namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, ilhali namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Katika utaratibu wa zamani wa Uingereza, namba ikipanda sindano huwa nyembamba. Kwa Wamarekani ni kinyume. Lililo salama ni kufuata milimita.

Kwapani, shingoni na mikononi

Kielelezo chenye saizi nyingi huandika namba zake kwa mfululizo, kama vile 98 (104, 110). Saizi ya kwanza iko nje ya mabano. Zungushia saizi yako kwa kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho, usije ukarukia safu ya jirani.

Kisha hakiki kila hatua kwa kutoa na kujumlisha. Ukifika kwapani, funga vitanzi vinne kila upande: 98 vinakuwa 90. Punguza kimoja kila upande mara tano: vinabaki 80. Shingo ya V huvigawa 40 kwa 40. Ikiwa kila bega linahitaji 24, basi 16 vipunguzwe kila upande wa shingo.

Kina cha shingo kikiwa sentimita 16, safu tatu kwa kila sentimita ni safu 48. Gawa kwa 16, upate kupunguza kila baada ya safu tatu. Kwa kuwa ni rahisi zaidi kupunguza upande wa mbele pekee, punguza mara nane kila safu ya pili, halafu mara nane kila safu ya nne: 16 na 32 ni 48. Mgongo nao ukaguliwe: 24 za bega, 32 za shingo, 24 za bega, jumla 80.

Mkono wa sweta hufuata njia hiyohiyo. Kutoka vitanzi 46 hadi 74 kuna 28 vya kuongeza. Kila mara huongezwa viwili, kimoja kila upande, hivyo ni mara 14. Katika safu 84, ongeza kila safu ya sita.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mfumaji aandike kipimo chake, sindano, aina ya uzi na idadi ya vitanzi vya kila saizi. Agizo la pili la shule ileile likija, hesabu itakuwa tayari, na uzi utakaonunuliwa utakuwa wa sweta itakayovaliwa.