Bustani Iliyowavusha Wanawake wa Mungaa Miezi ya Njaa



Sisi wa visiwani tumezoea kuhesabu mvua mara mbili, masika na vuli. Leo tunavuka bahari kuwaangalia wenzetu wa Mungaa, kata iliyo Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Huko mvua ni msimu mmoja tu. Huanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, huisha kiasi cha mwezi wa nne, kisha ni ukavu mpaka mwaka mwingine. Anayechelewa kupanda hana vuli ya kumwokoa.

Miezi migumu kule si ya kiangazi, ni ile ya mvua yenyewe. Mtama na uwele uliovunwa mwaka uliopita unakaribia kwisha ghalani, na ule wa shambani bado mbichi. Hapo ndipo bustani ya mama inapoingia. Mchicha huchumwa wiki tatu au nne tu baada ya kupandwa. Majani ya kunde na ya maboga hufuata. Nafaka inataka miezi, mboga inataka wiki. Lakini mboga haiwahi kama ardhi haikutayarishwa mapema, jua likiwa bado kali na mtu hana hata hamu ya kushika jembe.

Wanyaturu ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, na siri ya ardhi yao ni samadi ya zizini. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold Schneider, aliandika kitabu kizima juu ya uchumi wao, kikatoka mwaka 1970. Ng'ombe kwao hakuwa wa maziwa na mahari peke yake, alikuwa pia rutuba ya shamba. Samadi hubebwa kiangazi na kumwagwa karibu na nyumba, ikiwa imekaa na kuoza, kwani mbichi huunguza mche. Mvua ya kwanza ikishuka, udongo uko tayari kupokea mbegu.

Na kuna mboga zinazojiotea zenyewe, kama mlenda na mgagani. Mwanamke anayejua hazing'oi zote anapopalilia, huziacha akachuma. Zinazobaki huanikwa juani. Mlenda mkavu uliotwangwa ni kitoweo cha kiangazi kizima, Singida na Dodoma, hadi leo. Kwa hiyo bustani moja hulisha nyumba mara mbili, mbichi wakati wa mvua na kavu wakati wa jua.

Kazi hii imepita katika misukosuko mikubwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika bara, majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kwa majirani wa Ugogo ikafuata njaa waliyoiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Ng'ombe akichukuliwa, na samadi imeondoka. Mwanaume akichukuliwa, jembe lote limebaki kwa mke.

Kisha miaka ya 1970 serikali iliagiza watu wote wa mashambani wahamie vijijini. Agizo lilitoka mwaka 1973, likiwa na lengo la kukamilika mwisho wa 1976. Yalikuwepo mema yaliyokusudiwa, shule, maji na zahanati. Lakini fikirieni, dada zetu: aliyehamishwa aliweza kubeba sufuria na kitanda, hakuweza kubeba udongo aliousamadi kwa miaka. Huko alikopelekwa alianza upya.

Daftari za watawala zilihesabu vibanda kwa ajili ya kodi, zikahesabu mifugo na magunia. Kikapu cha mchicha hakikuwa na safu yake. Ndiyo maana historia ya njaa husimuliwa kwa ng'ombe waliokufa na mvua iliyokosekana, na mikono iliyotayarisha matuta haitajwi.

Lakini kuna hesabu nyingine. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia katika bustani ya mitende ya Ummu Mubashir, mwanamke wa Kiansari. Akamwuliza mitende ile imepandwa na nani, Mwislamu au asiye Mwislamu. Alipojibiwa ni Mwislamu, akabainisha kwamba hakuna Mwislamu anayepanda mti au mmea, kisha akala humo mtu au mnyama au kitu chochote, ila inakuwa sadaka kwake. Hata kile kilichodonolewa na ndege usichokijua, kimeandikwa. Basi mama wa Mungaa ambaye daftari za kodi zilimpita, kwa Mola wake hakupotea.

Hata sisi tuna mkono wetu huko. Miembe mingi ya zamani ya bara, tangu Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, imefuata njia za misafara iliyotoka pwani. Njia hiyo ilipita kusini ya Singida, katika nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Msafiri alikula embe, akaacha kokwa, na aliyekuja nyuma akapata kivuli.

Bi harusi mtarajiwa, unapohesabu vyombo, kanga na mashuka, tia na bustani katika hesabu yako. Mwezi mmoja kabla ya mvua, kusanya samadi iliyooza. Chimba shimo la mpapai na la mwembe futi mbili kwenda chini, changanya udongo wa juu na samadi, uache utulie. Tengeneza tuta la mchicha na bamia karibu na mlango wa jikoni, panapofika maji ya kuoshea mboga. Panda kunde pembeni, kwani hula watu na hurutubisha ardhi. Mchicha utaula mwezi huohuo, papai mwakani, na embe watakula wanao, inshallah.

Tunamwomba Allah azijaalie nyumba zenu baraka, na kila jani litakaloliwa humo liwe sadaka yenu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.