Mama, Kazi na Mzigo wa Mawazo

  Leo tunazungumzia mawazo mengi yanayoletwa na kazi, yale tunayoyaita parruok kwa Dholuo. Tutaona jinsi wataalamu walivyoyachunguza hatua kwa hatua.

Tuanze mwaka 1979. Huko Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu namna ya kutulia, kufuatilia pumzi zao na kuweka fikra kwenye jambo lililopo sasa. Mafunzo hayo yalikuja kuwa ya wiki 8. Baadaye makampuni yaliyachukua kwa ajili ya wafanyakazi wao.

Mwaka huohuo, Robert Karasek alitoa utafiti juu ya wafanyakazi wa Marekani na Sweden. Aliona kwamba wanaoumia zaidi akilini ni wale wenye kazi nyingi lakini wasio na uamuzi juu ya kazi hiyo.

Mama anayeuza omena anaelewa jambo hili. Yeye hapangi mashua zifike saa ngapi. Mvua ikinyesha omena ikiwa imeanikwa, hasara ni yake. Akirudi nyumbani, mtoto analia na karo inadaiwa. Kumwambia avute pumzi tu hakupunguzi mzigo huo. Mwaka 2024, William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 46,000 nchini Uingereza. Waliohudhuria mafunzo ya utulivu kazini hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wenzao.

Basi ni nini kinachosaidia? Jibu moja lilitoka kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2003, Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo kutoka vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu waliolemewa na huzuni walikutana kwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa kazi hiyo. Kila mmoja alieleza huzuni yake ilianzia wapi: kifo, ugomvi au mabadiliko ya maisha. Wenzake wakamsaidia kutafuta hatua ya kuchukua. Mwanzoni, watu 86 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Mwishoni walibaki kama 7. Katika vijiji visivyopata vikao, 94 walipungua hadi 55 tu. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikao vya namna hii.

Jibu lingine lilitoka hapa kwetu, Rarieda, Kaunti ya Siaya. Kuanzia mwaka 2011, familia maskini zilipewa pesa bila masharti. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliona kwamba furaha iliongezeka na msongo wa mawazo ukapungua. Kumbe mzigo ukipungua, moyo nao hupumua.

Kwa hiyo mama, kulemewa si uvivu wala udhaifu. Kupumzika na kutulia ni vizuri, lakini usiishie hapo. Katika chama chenu, tengeni muda wa kusikilizana kabla ya kuhesabu pesa, na mambo ya mtu yasitoke nje. Peaneni zamu za kuangalia watoto na kuanua omena. Baba naye ashike sehemu ya kazi za nyumbani.

Ukikosa usingizi, ukishindwa kula au kufanya kazi zako kwa wiki 2, mwone mhudumu wa afya ya jamii au nenda kituo cha afya. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje. Mwambie mtu wa karibu akupeleke siku hiyohiyo.