Sailensa Moja, Bunduki Nyingi: Hii Hadithi Ilianza na Kodi

Ukitaja sailensa hapa Kenya, kila mtu anafikiria ile bomba ya chini ya gari, ama ile ya nduthi ambayo vijana wengine hutoa makusudi ndio mtaa mzima uamke. Ukitaja ya bunduki, watu wanawaza filamu: jamaa wa suti nyeusi anafyatua, inatoka kasauti kadogo, na mtu wa chumba cha pili hasikii kitu.

Wasee, hizo sailensa mbili ni ndugu. Na ile ya filamu ni uongo mtupu.

Tuanze na baba. Hiram Stevens Maxim alizaliwa Maine, Marekani, mwaka wa 1840. Hakuwa na digrii (hapo tumeelewana), alijifunza kazi kwa fundi wa magari ya farasi. Akahamia London, na mwaka wa 1884 akatengeneza bunduki inayotumia nguvu ya mrusho wake yenyewe kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Karibu risasi 600 kwa dakika. Huku kwetu hiyo mashine haihitaji kutambulishwa. Lugard alikuwa nayo Mengo, Uganda, mwaka wa 1892. Waingereza walienda nayo kwa Wanandi mwaka wa 1905. Babu zetu waliisikia kabla hata hawajajua aliyeiunda anaitwa nani.

Kelele yake haikumwacha hata mwenyewe. Miaka mingi ya kujaribu bunduki ilimuharibu masikio, akazeeka akiwa kiziwi.

Sasa mtoto. Hiram Percy Maxim alizaliwa mwaka wa 1869, akasoma uhandisi pale MIT, akafanya kazi ya magari mjini Hartford, Connecticut. Aligundua kitu rahisi: injini na bunduki zina shida moja. Gesi moto, iliyobanwa, inatoka kwa ghafla na kupasua hewa. Ukiipa vyumba vya kuzunguka ndani ya bomba kabla itoke, inapoa, inapunguza mwendo, na kelele inashuka. Hataza ya sailensa yake ya bunduki ilitoka mwaka wa 1909. Ilitangazwa kama kitu cha mtu mstaarabu, ulenge shabaha bila kusumbua majirani. Baadaye kampuni yake ikaachana na bunduki, ikaendelea na sailensa za injini.

Halafu ikaja 1934. Marekani ilikuwa imetoka kwa miaka ya magenge na bunduki za rashasha barabarani. Bunge likapitisha National Firearms Act, na sailensa ikawekwa kwenye orodha moja na rashasha. Ukitaka moja, unasajiliwa na unalipa kodi ya dola 200. Hiyo pesa, kwa hesabu ya leo, ni zaidi ya dola 4,000. Kodi ilizidi bei ya kifaa chenyewe mara nyingi. Na kiasi hicho hakikuguswa kwa miaka 90.

Hapa ndipo nataka mnisikize. Watu wanadhani sailensa ya kufunga kwa bunduki za saizi tofauti ilitoka kwa majasusi. Mimi nasema ilikuzwa na hii kodi. Fikiria una bunduki tano. Kila sailensa ni dola 200 ya serikali, alama za vidole, fomu, na kungoja miezi. Utanunua tano? Utanunua moja, uihamishe. Soko likasikia hicho kilio, watengenezaji wakajibu.

Lakini kuihamisha kuna masharti, na fizikia haina huruma. Tundu lazima litoshe risasi kubwa kuliko zote utakazotumia. Sailensa ya .30 inaweza kufungwa kwa bunduki ya 5.56, ila ya 5.56 ukiipitishia risasi ya .30 unaipasua. Nayo ikitumika kwa risasi ndogo, gesi inapata nafasi ya kuponyoka, kwa hivyo kelele inazidi kidogo kuliko ya ile iliyotengenezewa saizi hiyo. Tundu pekee halitoshi: kuna presha, kwa sababu bastola ya .45 ina risasi nene lakini presha yake iko chini sana ya ile ya raifo. Kuna urefu wa mtutu, kuna skrubu za kufungia, kuna uzito. Na .22 ni chafu, inaacha risasi iliyoyeyuka ndani, kwa hivyo lazima ifunguke uisafishe. Kinachofaa kila mahali hakishindi popote.

Na kunyamaza? Mlio wa raifo unafika desibeli 160 hivi. Sailensa nzuri inapunguza 20 hadi 35. Bado ni kelele kubwa. Tena risasi inayopita kasi ya sauti inapasua hewa njiani, na hiyo hakuna bomba linaizuia. Kwa hivyo kazi yake halisi ni kulinda masikio. Finland na Uingereza, ambako bunduki haiuzwi kama sukari, wawindaji wanazitumia na hakuna anayeshtuka.

Lakini pia sitajifanya sijui upande wa pili. Mei 2019, pale Virginia Beach, mtu aliua watu 12 akiwa na bastola ya .45 yenye sailensa. Mlio wa bunduki ndio kengele ya kukimbia. Ukiufanya usieleweke, hata kwa sekunde chache, kuna mtu anachelewa kutoka.

Kuanzia Januari 2026 ile kodi imekuwa sufuri. Usajili umebaki. Msimamo wangu ni huu: kodi kuenda ni sawa, kwa sababu ilikuwa inamzuia maskini tu, tajiri alikuwa analipa na kuendelea. Usajili ukiguswa, hapo nitapinga. Mwenye kufyatua anastahili masikio yake, lakini aliye upande wa pili wa mtutu naye ana haki ya kujua risasi ilitoka kwa nani. Wale wa Mengo na wa Nandi hakuna sajili iliyowauliza kitu.