Maziwa Niliyomwaga, na Friji Ambayo Sheria Iliahidi

Dadangu aliporudi kazini baada ya likizo yake ya miezi mitatu, mimi ndio nilibaki na mtoto. Nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, kwa hivyo hakukuwa na mjadala. Kila usiku alikuwa anakamua maziwa, anaandika saa kwa kila chupa, anaweka kwa friji.

Siku ya tatu stima ikapotea. Shosho akaangalia zile chupa akaniambia, "Mjukuu, mwaga hiyo. Maziwa ya mama hayalali." Nikamwaga zote nne. Stima ikarudi baada ya saa moja. Jioni dadangu alifungua friji, akaifunga, akaenda kukaa kitandani bila kusema kitu.

Sasa, msikimbie kumlaumu Shosho. Alilea watoto wake bila friji. Wakati wake, maziwa yaliyokaa yaliharibika kweli. Mtoto alibebwa mgongoni mpaka shambani, na mama akikosa maziwa, mwanamke mwingine alinyonyesha. Dunia nzima iliishi hivyo kwa karne nyingi: maziwa hayakusafiri, mtu ndiye alisafiri.

Mambo yalianza kubadilika 1909, Vienna, Austria, pale benki ya kwanza ya maziwa ya mama ilipofunguliwa. Mwaka uliofuata, Boston ikafuata. Wazo lilikuwa rahisi: ukizingatia usafi na baridi, maziwa yanaweza kumfikia mtoto bila mama kuwa hapo.

Lakini hadithi ninayoipenda ni ya Brazil. Benki yao ya kwanza ilifunguliwa Rio de Janeiro mwaka wa 1943. Miaka ya 80 wakaijenga upya hiyo kazi, na hawakungoja vyombo vya bei ghali. Walichukua mitungi ya kioo yenye vifuniko vya plastiki, ile ya kahawa na mayonezi, wakaichemsha, wakaitumia. Kuna miji ambapo wazima moto ndio hupita nyumba kwa nyumba kuchukua maziwa. Leo Brazil ina zaidi ya benki 200. Hawakuwa matajiri. Waliamua tu kwamba hii si shida ya mama peke yake.

Na sisi? Benki yetu ya kwanza ilifunguliwa 2019, Hospitali ya Pumwani, hapa Nairobi. Maziwa ya wamama wanaojitolea hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, kisha hupewa watoto wagonjwa, njiti, na wale mama zao hawawezi kunyonyesha. Miaka 110 baada ya Vienna. Sawa, tulifika.

Kinachoniuma ni kingine. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea: pa kunawa mikono, friji, soketi ya stima, meza na kiti. Kifungu cha 72 kinampa mama muda wa kukamua wakati wa kazi. Imeandikwa vizuri kabisa. Dadangu alikuwa anakamulia chooni, amesimama, kisha anaficha chupa kwa flaski yenye barafu chini ya meza.

Piga hesabu. Wataalamu wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Likizo ni miezi mitatu. Ile mitatu inayobaki inaishi kwa friji. Kama friji hakuna, hiyo miezi sita ni maneno tu.

Kwa hivyo wewe unayebaki na mtoto, mjomba, shosho, dada wa kazi, shika hii. Nawa mikono. Tumia chombo safi chenye kifuniko, andika tarehe na saa. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa saa 4 nje kama joto halizidi nyuzi 25, siku 4 kwa friji ndani kabisa (si mlangoni), na miezi 6 kwa friza. Yakishayeyuka, usiyagandishe tena. Pasha kwa bakuli la maji moto, kamwe si kwa maikrowevu. Mtoto akibakisha, yaliyobaki yatumike ndani ya saa 2, kisha yamwagwe. Na stima ikipotea, usifungue friji! Ikibaki imefungwa huhifadhi baridi kama saa 4.

Hiyo ya mwisho ningeijua siku ile, zile chupa nne zingekuwa tumboni mwa mtoto.

Shosho siku hizi ndiye anasoma saa kwenye chupa na kunikaripia nikichelewa. Yeye alibadilika ndani ya wiki moja, na hajawahi kuona hicho kifungu cha 71. Waajiri wamekuwa nacho tangu 2017. Uliza kazini kwenu: chumba kiko wapi?