Kuhami

Ukimwambia mtu wa Singida kwamba sehemu ya gereji yako umeigeuza chumba cha kushonea, atauliza mafundi magari wamekwenda wapi. Kwetu gereji ni pa kutengenezea magari. Pa kulaza gari la nyumbani ni banda. Tatizo la pili ni kuitaja kazi inayofanyika humo: kuzuia joto la bati mchana na baridi ya usiku wa Juni.

Kitenzi tunacho: kuhami, chenye asili ya Kiarabu, maana yake kulinda, kukinga. Mafundi umeme nao wana kihami, kitu kisichopitisha umeme. Wanyaturu wa Singida walihami zamani kwa nyumba ya tembe: paa bapa la miti lililofunikwa udongo mzito, hukawia kupata joto na hukawia kulipoteza.

Mtego mmoja tu. Kuhami na kuhamia, vikiwekwa katika kauli ya kutendwa, vyote huzaa “kuhamiwa”. Kwa hiyo mwandikie fundi wako kikamilifu: “banda lihamiwe dhidi ya joto na baridi.” Ukiishia kwenye “lihamiwe”, usishangae kukuta wapangaji ndani.