Hijabu Shuleni: Kesi ya Isiolo na Mlango Uliokosewa

  

Mzee mmoja wa hapa kwetu Chalinze alinijia baada ya swala ya Alasiri, darsa imekwisha na vijana wanarudisha misahafu kabatini. Binti yake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. "Sheikh," akasema, "nimesikia Mahakama ya Juu ya Kenya imeharamisha hijabu mashuleni, na kwamba hapa kwetu nako itafuata. Kama ni hivyo, si bora mwanangu akae nyumbani?" Nilimwomba anipe siku moja. Swali hili nimelikuta sehemu nyingi, na nimelisikia hata juu ya mimbari likisemwa kama jambo lililothibiti. Kwa kuwa linaweza kumtoa mtoto shuleni, ndugu msomaji, nimeona nilijibu kwa kirefu.

Vazi la mwanafunzi wa Kiislamu katika shule ya serikali si mjadala wa jana. Wajerumani walipofungua shule yao ya kwanza ya serikali Tanga mwaka 1892, na baadaye nyingine Bagamoyo na Dar es Salaam, walikuwa wanatafuta makarani na maakida. Watu waliozoea kusoma na kuandika katika Pwani hii walikuwa wametoka vyuoni, na wengi wao walikuwa Waislamu. Gavana Julius von Soden alitaka hata pawepo mwalimu wa Qur'ani ndani ya shule. Wamisionari wakapinga, na shule zikabaki bila somo la dini. Unguja nako Waingereza walisuasua kupata wanafunzi hadi walipoingiza Qur'ani na dini katika masomo. Mwaka 1927 ikafunguliwa shule ya serikali ya wasichana, na mabinti wakaenda na mabuibui yao, kama kaka zao walivyokwenda shule na kanzu na kofia. Serikali hizo hazikuwa za Kiislamu, wala hazikufanya hivyo kwa mapenzi. Zilikuwa na haja na mwanafunzi, kwa hiyo zikakubali nguo zake.

Bara mambo yalikwenda njia nyingine. Huko shule nyingi zilikuwa za misheni, na sare zilitungwa kwa desturi za misheni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia shule hizo mikononi mwa serikali, watoto wetu walifunguliwa milango iliyokuwa imefungwa, na hili tunalishukuru. Lakini sare zilibaki zilezile katika nyingi ya shule hizo: sketi ya magotini na kichwa wazi. Dada yangu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa akitoka nyumbani na mtandio, anauvua kabla ya kufika getini na kuuficha chini ya madaftari. Jioni anaufunga tena. Shule siitaji, maana zilikuwa nyingi za namna hiyo. Mama alijua, akanyamaza, kwa kuwa alitaka asome. Ilichukua malalamiko na barua za miaka mingi hata Wizara ya Elimu, katika miaka ya 1990, ikaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu shuleni. Leo simama asubuhi hapa njia panda, barabara moja inakwenda Morogoro na nyingine Segera, utawaona wanavuka na sketi ndefu za buluu na hijabu nyeupe. Wengi wao hawajui kwamba mama zao walizificha.

Sasa tuje Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ambako ndiko habari ya mzee wetu ilikotoka.

St. Paul's Kiwanjani ni shule ya sekondari ya umma, ya kutwa na mchanganyiko, na mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Juni 2014, katika hafla ya shule, naibu gavana wa Isiolo aliomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Wakubwa wa elimu wa huko wakaafiki. Kanisa likaona mila ya shule imevunjwa, likafungua shauri Mahakama Kuu dhidi ya mamlaka za elimu. Mzazi mmoja, Bwana Mohamed Fugicha, akaomba kuingizwa kama mtu mwenye maslahi katika kesi hiyo. Kisha, akiwa humo ndani, akaleta madai yake mwenyewe: kwamba kuwakataza mabinti hijabu ni kuwabagua na kuwanyima uhuru wa dini.

Tarehe 5 Machi 2015 Jaji Makau alilipa Kanisa ushindi. Akaona kwamba kuruhusu hijabu kwa baadhi ni kuwapendelea juu ya wenzao. Tarehe 7 Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaipindua hukumu ile, na hoja yake inafaa kusomwa na kila mwalimu mkuu. Majaji walisema kwamba kanuni inaweza kuonekana sawa kwa wote na bado ikamwumiza mmoja kuliko wengine, na huo nao ni ubaguzi. Aliyeambiwa avae sketi na shati tu, na dini yake haimtaki zaidi ya hapo, hakupoteza kitu. Aliyeamrishwa na Mola wake kujistiri amewekwa kati ya shule na ibada. Shule ikaamriwa irekebishe kanuni zake ziwe na nafasi kwa wenye sababu ya kidini.

Furaha ilikuwa kubwa, na ilidumu miaka miwili na ushei. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu ya Rufaa. Hapa ndipo watu wengi waliposikia neno moja wakaliacha lililofuata. Majaji walio wengi hawakusema hijabu ni marufuku. Walisema kwamba mtu aliyeingizwa katika kesi ya wengine kama mwenye maslahi hawezi kuligeuza shauri lile kuwa lake kwa kuleta humo dai jipya. Dai la mzazi, kwa maneno mengine, lilipita mlango usio wake. Anayetaka haki ile iamuliwe, walisema, ailete upya Mahakama Kuu kwa njia yake. Ni kweli kwamba kwa mabinti wa Kiwanjani matokeo yalikuwa machungu. Lakini kusema mahakama imeharamisha hijabu ni kuwasingizia majaji jambo wasilolihukumu, na sisi tumeamrishwa kuthibitisha habari kabla ya kuieneza.

Mwanafunzi wa fiqhi hapaswi kushangazwa na hukumu ya namna hii. Tunasoma katika mlango wa madai, katika Minhaj ya Imam Nawawi na sherehe zake, kwamba kadhi halisikilizi dai mpaka litimize masharti: lijulikane ni la nini, limlazimu mdaiwa kitu, na mdaiwa mwenyewe awe ameainishwa. Mwenye haki aliyekosea masharti haambiwi kuwa hana haki. Huambiwa akalete dai lake sawasawa. Na Bwana Fugicha alikuwa na sifa ya kudai, maana baba ni walii wa mwanawe. Lau angefungua shauri lake mwenyewe tangu mwanzo, huenda tungekuwa na mazungumzo mengine.

Tazama Lagos, Nigeria. Huko Jumuiya ya Wanafunzi Waislamu pamoja na mabinti wawili wa shule walikwenda mahakamani kwa majina yao, wakiishitaki serikali ya jimbo iliyokataza hijabu katika shule za umma. Walishindwa Mahakama Kuu Oktoba 2014. Wakashinda Rufaa Julai 2016, miezi miwili tu kabla ya ushindi wa Isiolo. Tarehe 17 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Nigeria ikauthibitisha ushindi wao. Mwaka mmoja kesi mbili zilisimama mahali pamoja. Iliyobaki imesimama ni ile ambayo wenye haki waliingia nayo kwa mlango wake.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya ndugu. Wajibu wa stara kwa aliyebaleghe umo katika Surat an-Nur aya ya 31 na Surat al-Ahzab aya ya 59, na hauna mzozo. Lakini sheria haikuainisha rangi wala mshono. Uingereza, mwaka 2006, binti Shabina Begum alishindwa mbele ya Mabwana wa Bunge la huko katika kesi yake na shule ya Denbigh. Shule ile ilikuwa imeruhusu mtandio na shalwari kamizi baada ya kushauriana na misikiti ya eneo lake, naye akadai jilbabu peke yake. Tukidai mshono mmoja kana kwamba ndio wajibu wote, tunawapa wapinzani wetu hoja ya bure. Hijabu ya rangi iliyochaguliwa na shule, ikifunika panapotakiwa na isibane wala isionyeshe mwili, ni hijabu. Na mtoto ambaye hajabaleghe hufunzwa kwa upole. Asifanywe bendera ya ugomvi wa wakubwa.

Siku ya pili yule mzee alirudi, nami nikamweleza haya kwa ufupi. Nikamwambia hapana hukumu ya kumweka binti nyumbani, si Kenya wala hapa. Nikamwomba aende na fomu ya kujiunga na shule, asome pale palipoandikwa sare, na kama hijabu haikutajwa amwone mwalimu mkuu kabla ya muhula kufunguliwa, aulize rangi na urefu, na jibu alipate kwa maandishi. Akaikunjua fomu palepale kwenye baraza la msikiti. Hijabu ilikuwa imetajwa, mstari wa nne, nyeupe, isiyo na urembo. Akaniuliza kama kwa fundi cherehani wa sokoni shilingi elfu kumi zitatosha kwa mbili.